Mchekeshaji unayetaka kuingiza sauti, anza hapa

Haya ni kwa wachekeshaji. Nyie mnaopandishwa jukwaani kwenye harusi taarabu ikipumzika, mnaorekodiana kwa simu barazani, mnaoitwa na makampuni kutangaza sabuni. Wengi mnaniuliza nimetokaje kwenye vichekesho nikaingia kwenye kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, na ndani ya swali naona mmeshajijibu: mnadhani ni kazi ile ile, ila huonekani. Siyo. Yapo mliyonayo ambayo mtangazaji wa redio mwenye sauti nzito atawaonea kijicho, na yapo ambayo itabidi muyavue mlangoni pamoja na viatu.

Mie ni Mpemba wa Wete, nakaa Kikwajuni, Unguja. Riziki yangu ya mwanzo ilikuwa kuwaiga wanaume kwenye sherehe za wanawake watupu: kofia ya kiua, kikoi, bakora. Nakuwa sheha, nakuwa konda wa gari ya Mwanakwerekwe, nakuwa baba mkwe anayezihesabu pesa za mahari mara ya pili maana hesabu ya mwanzo haiamini. Sasa nawatia sauti mabibi wa Kituruki, watoto wa kiume wa katuni, na mara nyengine mke mkubwa mwenye roho mbaya. Watoto wa kiume hupewa sana sisi wanawake, kwa sababu mtoto mwenyewe ukimzoesha kazi mwaka huu, mwakani sauti imeshavunjika. Kwa hiyo dada uliyezoea kuchekesha kwa sauti za kiume, usidhani hayo ni ya harusini tu. Hiyo ni bidhaa.

Sikio unalo, sasa lisikilize pumzi

Kumuiga mtu kwa dakika moja watu wakacheka, hilo unaliweza. Tabu ni kuwa mtu wa kwenye tamthilia utakaa naye vipindi na vipindi, na humo atacheka, ataumwa, atadanganya, atafiwa. Sauti ya kuiga juu juu haifiki hata kipindi cha pili. Basi ukiwa kwenye daladala, au unangoja mtu Darajani, mchague msemaji mmoja na wala usijali anasema nini. Sikiliza anavuta pumzi wapi. Sikiliza neno gani analimeza na lipi analivuta. Sikiliza sauti inatokea puani, kooni au kifuani. Ukirudi nyumbani usirudie maneno yake. Soma kitu chengine kabisa, hata maelezo ya kwenye kopo la maziwa, kwa pumzi zake yeye.

Mfano mzuri ni wazee. Mchekeshaji akiambiwa atoe sauti ya mzee, moja kwa moja anatetemesha. Wazee wengi wa kwetu hawatetemeki hata kidogo. Kinachopungua ni pumzi: sentensi inaanza na nguvu, inasimama mahali ambapo kijana asingesimama, halafu inamaliziwa kwa hewa iliyobaki. Na meno. Bibi asiye na meno ya mbele, s yake na f yake zinakaribiana. Pumzi na meno vinatosha. Kutetemesha kunamchosha msikilizaji na kunalichubua koo lako.

Kicheko hakimo chumbani

Chumba cha kurekodia kina wewe, maiki na kioo, na nyuma ya kioo wapo fundi mitambo na mwongozaji ambaye jicho lake moja liko kwenye saa. Hawacheki. Wakicheka, mara nyingi ndiyo umeharibu, maana umewachekesha wao, na yule mama kwenye skrini alikuwa anaagana na mwanawe.

Jukwaani tunasoma nyuso za watu wengi. Hapa unasoma mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo alishamaliza kusema zamani, huko Istanbul au Beijing. Vituo kaviweka yeye, wewe unavifuata. Kwetu hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu tumekula maisha yetu yote kwa kuchagua wenyewe lini tuseme na lini tunyamaze. Utafika mahali utaona kabisa kuwa ungengoja kidogo mstari ungekuwa mtamu zaidi. Pengine kweli. Lakini mdomo umeshafunguka, sema.

Kuna wanaonijibu: mbona Lufufu? Marehemu Lufufu alizitafsiri filamu za nje kwa sauti yake peke yake, kuanzia mwizi mpaka bibi harusi, akatia na maneno yake humo, na vibanda vya video vya Tanzania vikajaa. Nampa heshima yake yote. Ile ilikuwa kazi ya mtambaji, anakaa kando ya filamu na kukuhadithia. Wewe umeajiriwa kukaa ndani ya mtu. Ukitia mzaha wako kwenye kinywa cha mama wa Kituruki, umeshatoka ndani yake. Nyumbani, Lufufu ni mwalimu mzuri wa kubadilisha sauti haraka. Studio usimpeleke.

Midomo inapofumba

Herufi zitakazokutesa ni tatu: m, b na p. Ukizitamka midomo hufumba, na mtazamaji anaona. Kwa f na v meno hugusa mdomo wa chini, nayo huonekana, ila kidogo. Zilizobaki, k, t, s, l, n na jamaa zao, hutengenezwa ndani ya kinywa na hakuna atakayekushitaki.

Tuchukue mtoto wa Kituruki anayemwambia babake "Baba, gitme", yaani baba, usiondoke. Mwanzo umepewa bure, maana baba kwao ni baba kama kwetu. Gitme ina silabi mbili na midomo inafumba katikati. Mswada umekuja na "Baba, usiondoke": usiondoke ni silabi tano, na midomo haikutani hata mara moja. Ukiusoma kama ulivyo, mtoto keshanyamaza kwenye skrini na sauti bado inatoka. "Baba, simama" imepunguza silabi mbili, na mfumbo wake wa mwisho umeangukia mwanzo wa silabi ya mwisho, pale pale ulipo kwenye gitme. Kama onyesho halikubali simama, mtatafuta jengine. Pendekeza kwa mwongozaji, usibadilishe kimyakimya: mfasiri anajua kitu usichokijua wewe, pengine neno lile lile litarudi vipindi ishirini mbele na mtu atamkumbusha mwenzake.

Kiswahili chetu ni kirefu, na maneno yake huisha kwa irabu, kwa hiyo kinywa hubaki wazi wakati mwigizaji keshafunga chake. Jifunze kupunguza bila kuharibu. "Kwa sababu" inaweza kuwa "maana". "Lakini" inaweza kuwa "ila". "Ninakwenda" huku kwetu ni "nnakwenda" tangu tulipozaliwa, na hiyo irabu moja iliyoponyoka imeniokoa mara nyingi. Ukipungukiwa, yaani mdomo wake bado unacheza na wewe maneno yamekwisha, tia "jamani", "bwana", "ati", "wewe", lakini kwa kiasi. Nimesikia tamthilia nzima ambayo kila mtu anasema "jamani", mpaka jemadari wa vita.

Halafu kuna mgongo. Kamera ikimuonesha mtu kwa nyuma, au ikimgeukia anayesikiliza, uko huru, na maneno yaliyokuzidi yapeleke huko. Ndiyo maana kabla ya kurekodi nakitazama kipande chote bila sauti na kuweka alama kwenye mswada: mdomo unaonekana, hauonekani, unaonekana nusu. Masultani wenye ndevu ni rehema tupu. Tabu ni mabibi wanaopaka rangi nyekundu ya mdomo, na kwa bahati yangu ndio ninaopewa.

Zoezi la kufanyia nyumbani: chukua kipande cha dakika moja cha lugha usiyoijua, chenye watu wawili na nyuso karibu. Hesabu silabi kwa kupiga kidole mezani, kila wanapofungua kinywa. Andika maneno yako mwenyewe yanayoingia humo, hata kama hayana maana. Kwanza upate kuingia na kutoka kwa wakati, maana itafuata. Mwenye sikio la muziki hulipata haraka. Waliopita kwenye taarabu wananielewa, kwa kuwa mshairi naye hupimiwa mizani na hapewi silabi ya kuongeza.

Pumzi, vilio na tango

Tamthilia ikiletwa kutiwa Kiswahili, kwa kawaida sauti za waigizaji huja peke yake, na muziki na mazingira, milango, farasi, mvua, huja peke yake. Zile za waigizaji huondolewa zote. Zinapoondoka huondoka na kikohozi, mguno, kwikwi, mate yaliyomezwa, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi. Yote hayo unayarudisha wewe, na hapa mchekeshaji humshinda mtangazaji, ambaye kalelewa kusoma taarifa bila kupumua.

Mel Blanc, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1908, alikuwa mchekeshaji wa redio na aliendelea kuwa hivyo hata baada ya kuwa sauti ya Bugs Bunny, yule sungura wa katuni. Katika kipindi cha redio cha Jack Benny yeye ndiye aliyekuwa akitoa kwa mdomo mlio wa gari kuukuu linalokataa kuwaka. Kwa Bugs Bunny aliuma karoti ya kweli mbele ya maiki, kisha akaitema, maana huwezi kutafuna na mstari unaofuata unakungoja. Mie nafanya hivyo kwa tango: linakatika kwa mlio mzuri na haliachi chembe kooni kama mkate. Weka bakuli karibu na usione haya.

Kulia kuna hatari zake. Kilio cha tamthilia ni kirefu, na ukikitoa kooni siku nzima, kesho utaongea kama kunguru. Kitoe tumboni, mkono mmoja ukiwa juu ya kitovu uhisi kinaingia na kutoka. Mwombe mwongozaji makelele, ugomvi na vilio virekodiwe mwisho wa siku, sauti ikishamaliza kazi zake za upole. Waongozaji wazoefu hufanya hivyo bila kuombwa. Asiyejua, mwambie.

Kina dada, la nguo halitaandikwa popote, kwa hiyo nalisema hapa. Bangili zote vua. Baibui la kitambaa kinachochakarisha libakie kwenye msumari, ndani vaa dira la pamba. Hedifoni hukaa vizuri juu ya ushungi wa pamba ukiwa tabaka moja sikioni. Mtandio wa nailoni unakwaruza na maiki inausikia kabla yako.

Lafudhi, na la Mpemba

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na watu wa huku hilo hutupa kiburi kisicho na kazi. Faida tuliyonayo ni ndogo na ya kweli: dh, th, gh zetu zinatoka safi. Dhuluma haiwi zuluma. Mwongozaji wa Dar es Salaam atakupenda kwa hilo. Lakini mtazamaji wako yuko pia Mwanza na Mbeya, kwa hiyo "nyengine", "skuli" na "khasa" utaviweka kando, isipokuwa mswada umetaka mtu wa pwani. Na usiseme kama uko kwenye mimbari. Herufi zikae sawa, mtu aendelee kuwa mtu.

La pili linanichoma. Kwenye vichekesho vya Tanzania kuna mtu anaitwa Mpemba wa duka. Kazi yake ni kuwa bahili na kuvuta maneno. Sasa wakileta tamthilia ya nje na ndani yake kuna mfanyabiashara mchoyo, mtu ananigeukia: "Dada, wewe si Mpemba, mpe Kipemba." Nakataa, na wewe ukiwa wa huku nakuomba ukatae. Kwanza, Wete ya Pemba na Makunduchi ya Unguja hawasemi sawa, Tumbatu ndiyo kabisa, na anayekwambia "mpe Kipemba" hataki hata kimoja, anataka ule wimbo wa kuchekesha aliousikia kwenye matangazo. Pili, lafudhi si tabia. Mchoyo mpe uchoyo: mpe pumzi fupi, mpe maneno anayoyatoa mmoja mmoja kama anayalipia. Kipemba nimekitumia mara moja kwa raha yangu, kwa bibi mwenye hekima aliyekuwa akiishi kisiwani, na pale kilikaa.

Chumba chako

Kazi ndogondogo na klipu za kuombea kazi utarekodi nyumbani, na nyumba zetu zina mambo yake. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe ina ukuta mnene, nje husikii kitu, lakini ndani chokaa inarudisha mwangwi kama birika. Nyumba ya bati haina mwangwi mwingi, ila mvua ikianza umefunga duka. Dawa ya mwangwi ni vitambaa: godoro limesimamishwa nyuma yako, siyo mbele, maana sauti yako inakwenda mbele na kurudi kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye maiki. Mbele fungua kabati la nguo na usemee humo. Chini mkeka peke yake hautoshi, tandika na blangeti.

Maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na kidogo upande, ili p na b zisiipulizie. Feni zima. Friji zima, na ukishaizima weka funguo za mlango ndani yake, hutatoka nyumbani samaki wakaoza. Kisha rekodi kimya cha nusu dakika na ukisikilize kwa hedifoni: utasikia vitu ulivyoishi navyo miaka mingi hukuvijua.

Wakati nao unachaguliwa. Kunguru wetu hawana adabu tangu alfajiri mpaka magharibi. Adhana nazipanga kabisa kwenye ratiba, sizikatizi na wala sirekodi juu yake. Nasimama, naswali, naendelea. Usiku baada ya isha ndiyo wakati wangu, bodaboda zikishapungua. Ramadhani ni habari nyengine. Mchana koo limekauka na ulimi unalia kila ukiubandua, usiku mji uko macho. Mie hurekodi baada ya daku, pale kabla ya kunguru.

Programu ya kurekodia ya Audacity ni ya bure na inatosha kuanzia. Faili la sauti ya kazi ya video lipeleke kwa muundo wa WAV, 48 kHz, biti 24. MP3 ni ya kusikilizisha tu. Na sauti usiitie mapambo, studio wataipamba wenyewe.

Klipu, kazi na pesa

Klipu ya kuombea kazi isizidi dakika moja na nusu. Anza na sauti yako ya kawaida, bila kuigiza, maana ndiyo wanayoitafuta zaidi. Kisha tia watu watatu wanne walio mbali mbali kwa umri na hali. Wachekeshaji huanza na sauti ya katuni kwa sababu ndiyo inayochekesha, na msikilizaji anafunga kabla hajajua kama unaweza kusema "habari za asubuhi" kama binadamu. Muziki usitie.

Soko lipo zaidi ya tulivyozoea. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina kwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na watu wakaielewa mara moja, kwani mama mkwe yuko kila nchi. Azam TV wakaja na Waturuki. StarTimes ya Wachina mwaka 2016 walifanya mashindano ya kutafuta sauti na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam wanatengeneza katuni za kufundishia watoto. Hapa nyumbani ipo redio ya ZBC, na matangazo ya afya na ya uchaguzi kila msimu. Kazi nyingi bado ziko Dar, kwa hiyo hesabu nauli ya boti ndani ya bei yako. Ukisafiri, kaa ndani: upepo wa sitahani na sauti ya kesho havipatani.

Uliza kabla hujafungua kinywa: nalipwa kwa kipindi, kwa saa au kwa mistari? Marudio yakija kwa kosa la mswada, nani analipa? Tangazo litapigwa miezi mingapi, redio tu au na mitandao? Studio moja ilinilipa miezi baada ya tamthilia kwisha kuoneshwa, na tangu hapo sirekodi bila karatasi. Jiandikishe Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na maigizo uliyoyatunga mwenyewe yapeleke COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huku, wasikuchanganye na COSOTA ya bara.

Siku hizi kwenye mikataba kuna kifungu kipya, kwa kawaida ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: kuwa rekodi zako zinaweza kutumika kuifundisha kompyuta iseme kwa sauti yako. Kitafute. Kikiwemo, uliza wanalipa nini juu yake na kwa muda gani. Mie hukikata kwa kalamu, natia saini pembeni na kuwarudishia. Wengine wamekubali, wengine wameniambia watatafuta bibi mwengine. Wamtafute.